Barua Inayochanwa Mapema: Seli Inavyodhibiti Mchochota

Mwiba ukikuchoma kidoleni asubuhi, hadi jioni kidole kimekuwa chekundu, kina moto, kimevimba na kinapwita. Hali hiyo huitwa mchochota. Ni kazi ya seli nyeupe za damu, zinazoitana kwa protini za ishara kama TNF na interleukini-6. Protini hizo zikitoka kwa kiasi, jeraha hupona. Zikizidi na kukawia, huanza kumla mwenye mwili: viungo huharibika, nyama hukonda.

Shuleni tulifundishwa kwamba jeni ndiyo yenye amri: ikiwashwa protini hutengenezwa, ikizimwa kazi imekwisha. Kwa protini hizi mambo si mepesi hivyo. Jeni ikinakiliwa hutoa mRNA, jina tulilolizoea enzi za chanjo za Uviko-19. Ichukulie kama barua ya maagizo inayopelekwa kwenye ribosomu, mahali protini zinapoundwa. Barua moja husomwa mara nyingi, na hata jeni ikizimwa, zilizokwisha kuandikwa huendelea kusomwa. Ndiyo maana seli hulazimika kuzichana.

Barua ya TNF huzaliwa na alama ya kuchanwa. Baada ya maagizo yenyewe kwisha, hufuata herufi za A na U zinazojirudia: AUUUA, AUUUA. Mwaka 1986 Gray Shaw na Robert Kamen walichukua kipande cha herufi za namna hiyo kutoka jeni nyingine ya kinga, wakakipachika kwenye jeni ya globini ya sungura, ambayo barua yake hudumu sana. Ikawa haidumu tena.

Anayeisoma alama hiyo ni protini iitwayo tristetraprolini. Huishika barua na kuita vimeng'enya vinavyoukata mkia wake. Mkia ukiisha, barua yote hutafunwa. Lakini vimelea vikivamia, vimeng'enya p38 na MK2 huifunga tristetraprolini mikono kwa kuibandika fosfeti. Barua zinapona, TNF inamiminika. Ni ufundi wa ajabu: seli haisubiri kuandika upya, inaacha tu kuchana.

Panya walituonesha gharama ya kuukosa ufundi huu. Waliokosa tristetraprolini, walioelezwa mwaka 1996, walikonda na kupata baridi yabisi. Mwaka 1999 wakaelezwa wengine ambao jeni yao ya TNF ilinyofolewa ile alama tu, maagizo ya protini yakiachwa salama. Nao waliugua viungo, na utumbo juu yake.

Sasa tuje kwenye kabati lako la dawa. Deksamethasoni na predinisoloni, dawa za jamii ya steroidi, hufanya sehemu ya kazi yake kwenye uchanaji huo huo wa barua: huifanya seli itengeneze protini inayoizima p38, tristetraprolini ikafunguliwa, barua zikachanwa. Dawa hizi huokoa maisha. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza mwaka 2020, miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo watu husahau. Wapo wanaonunua vidonge hivi kwa maumivu ya mgongo, au ili wanenepe. Dawa haijui kama mchochota unaoutuliza ulikuwa wa bure au ulikuwa umekizingira kifua kikuu. Homa itashuka, mgonjwa atajisikia vizuri, na vimelea vitaendelea kuzaana. Sukari kwenye damu nayo hupanda. Kwa kuwa mchochota huweza kuwa ndio unaokizingira kifua kikuu, anayeandikiwa sindano za kuzuia TNF kwa baridi yabisi hupimwa kwanza kifua kikuu kilichojificha. Na usidhani krimu ni salama kwa vile haimezwi: mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi ina steroidi kali, na huingia mwilini.

Kama umeshameza steroidi kwa zaidi ya wiki tatu, usiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni ya namna hiyo, huwa zimelala na huhitaji muda kuamka. Chukua pakiti yako, nenda nayo kituo cha afya, umwambie daktari umeitumia tangu lini ili akupangie namna ya kupunguza.