SOMO LA AFYA: Mtoto Mchanga Akigeuka Manjano

Leo tunajifunza juu ya umanjano wa watoto wachanga. Huu si homa ya manjano inayoletwa na mbu, wala si uchawi.

Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Ini ndilo hukiondoa, lakini ini la mtoto mchanga halijapata nguvu. Kwa hiyo watoto wengi hugeuka manjano siku ya 2 au ya 3, na hupona ndani ya wiki 2.

Tumtazameje? Chini ya shitingi mwanga hudanganya macho. Mtoe mtoto mlangoni mchana. Tazama weupe wa macho na ufizi. Bonyeza pua yake polepole, achilia, uone rangi.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku, kama:
1. Umanjano umeanza kabla hajatimiza saa 24.
2. Umefika viganjani au kwenye nyayo.
3. Hanyonyi, analala mno, analia kwa sauti kali, anapinda mgongo au ana homa.

Tena mpeleke bila kukawia kama choo chake ni cheupe, au siku 14 zimepita na bado ni wa manjano.

Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto aweza kuwa kiziwi, kupooza au kufa.

Wengi wetu tulifundishwa kumwanika mtoto juani. Ni kweli mwanga husaidia: mwaka 1956 huko Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona umanjano ukipungua pale jua lilipogusa ngozi. Lakini jua halina kipimo, na asubuhi za Gisenyi zina baridi. Hospitali hupima damu, na hutumia taa ya buluu huku macho ya mtoto yamefunikwa.

Nyumbani, mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku. Usimpe maji ya sukari wala mitishamba. Nguo zilizohifadhiwa na naftalini usimvalishe. Kwa watoto wengine huvunja damu.

Kuomba na kwenda kwa daktari havipingani. Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu. Basi kina mama, tumtembelee kila mzazi siku 3 za kwanza. Kina baba na majirani, tubaki na watoto wakubwa ili mama asicheleweshwe njiani. Mungu awabariki.