Je, Kazini Kwako Kila Mtu Anasikia?

SOMO LA WIKI: Matendo 6:1–7. Soma pia Matendo 2:5–11.



Sisi Wapentekoste tunaipenda sana Matendo sura ya 2. Roho alishuka, na wageni kutoka nchi nyingi wakashangaa, kwa sababu kila mmoja alisikia habari za Mungu kwa lugha ya kwao. Lakini usifunge Biblia hapo. Ukifika sura ya 6, kanisa lile lile lina shida ya lugha. Wajane wanaosema Kiyunani wanarukwa chakula kinapogawiwa kila siku. Andiko halisemi kwamba kuna mtu aliyekusudia. Walisahauliwa tu. Hata leo ubaguzi mwingi kazini huanza hivyo: mtu anawakumbuka wa kwao kwanza.

Niungame jambo. Kabla sijaingia katika huduma nilikuwa msimamizi wa mjengo hapa Nairobi. Tulikuwa watu kumi na wawili, na tisa tulitoka upande mmoja. Kazi ilipotokea, nilipigia simu watu wetu. Asubuhi moja nikawaonya mafundi kwamba ubao mmoja wa kukanyagia, huko juu, haujapigwa misumari. Nilisema kikwetu. Kijana mmoja, ambaye hakuwa wa kwetu, akaukanyaga. Alianguka akavunjika mkono.

Nilipoenda kumwona hospitalini nikamwambia, "Lakini mbona nilisema?" Akanijibu polepole, "Nilikusikia ukisema, bosi. Sikujua unasema nini." Nilikuwa nimeokoka wakati huo, na Jumapili nilikuwa naomba kwa lugha. Mkono wake ulipona, lakini hakurudi kwetu.

Tuangalie basi mitume walifanya nini, tujifunze mambo matatu.

1. Walisikiza manung'uniko. Hawakuwaambia Wayunani kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliita kanisa lote, wakalizungumza jambo lenyewe. Kazini, mtu akisema "mimi naachwa nje," usikimbilie kumwambia aombe zaidi au aache roho ya uchungu. Muulize ni wapi hasa anaachwa, halafu uende uangalie.

2. Waligawa mamlaka. Soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa Myahudi. Ndiyo maana wasomi wengi huona kwamba kazi ilikabidhiwa watu wa upande ulioumizwa. Na sifa hazikushushwa: walitakiwa watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Mimi nilikuja kumpa funguo za stoo fundi asiye wa kwetu, kwa sababu alikuwa mwaminifu. Watu wetu walinuna mwezi mzima. Lakini saruji ilikoma kupotea.

3. Kazi iliendelea vizuri zaidi. Mstari wa 7 unasema neno lilienea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka. Haki mezani haikuchelewesha injili.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kazini. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Lakini mtu aliyeokoka asingoje kushikwa na sheria ndipo atende haki.

Tutende nini wiki hii?

- Maagizo ya kazi yatolewe kwa lugha ambayo wote wanaielewa. Halafu mtu mmoja ayarudie, ujue yamefika. Kama kuna kiziwi, mwandikie, na ujifunze ishara chache.
- Nafasi ya kazi ikipatikana, itangaze mahali ambapo hata wasio wa kwenu wataiona.
- Mwenzako Mwislamu asipangiwe mkutano saa ya swala ya Ijumaa. Mshuhudie kwa maisha yako, na cheo chake kisitegemee kama anakuja kwa maombi ya ofisini.
- Na wewe unayesema huna ofisi: dada anayekusaidia kazi nyumbani ni mfanyakazi wako. Je, anakula chakula mnachokula? Ana siku ya kupumzika na ya kwenda kanisani kwao?

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kazini kwangu, ni nani anayecheka mwisho kwa sababu hakuelewa mzaha?
2. Funguo, pesa na maamuzi ziko mikononi mwa nani? Wote ni wa upande mmoja?
3. Kuna mtu niliyemwumiza ambaye napaswa kumtafuta?

Mimi nilimtafuta yule kijana. Ilinichukua miaka miwili. Alinikaribisha chai, akasikiza, akanisamehe kwa Kiswahili ambacho sote wawili tulikielewa.

Ombi: Bwana, uliyewafanya wote wasikie siku ya Pentekoste, nifungue macho nimwone ninayemsahau. Nipe ujasiri wa kumtendea haki hata watu wetu wakininunia. Katika jina la Yesu, amina.