Njia za Kuingia katika Taaluma ya Afya ya Akili

Mtu anapokosa usingizi kwa wiki kadhaa, anaposikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anapokata tamaa ya kuishi, mtaalamu wa kwanza kumwona kwa kawaida si daktari bingwa. Ni muuguzi au tabibu wa zahanati iliyo karibu na kijiji chake. Kwa hiyo, kijana anayetaka kuwahudumia wagonjwa wa akili asidhani kwamba njia ni moja tu, tena ndefu. Milango ipo kadhaa, na kila mmoja una masharti yake.

Baada ya kidato cha nne

Stashahada ya uuguzi na ukunga, na ile ya utabibu, husomwa kwa miaka 3. Mwombaji huhitaji ufaulu katika masomo yasiyopungua manne, yakiwamo Biolojia, Kemia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi. Hapa ndipo wengi hujifungia mlango bila kujua: mwanafunzi anayeacha Fizikia na Kemia mapema huyakosa masharti haya hata akifaulu vizuri masomo mengine. Wazazi na walimu wazungumze naye kabla hajachagua.

Shahada na ubingwa

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili huanza na shahada ya udaktari ya miaka 5, hufuata utarajali wa mwaka 1, kisha husomea ubingwa kwa miaka 3, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwenye stashahada ya utabibu aliyefaulu vizuri anaweza pia kuomba nafasi ya shahada hiyo. Kuanzia chini si kupotea njia.

Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, wala haandiki dawa. Huanza na shahada ya saikolojia, kisha huendelea na shahada ya uzamili. Cheti cha semina ya siku chache hakimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba.

Kwa asiyesoma sayansi

Afisa ustawi wa jamii huiunganisha familia na huduma, na humsaidia aliyetoka hospitalini kurudi kwa watu wake. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa mafunzo ya fani hiyo, na ufaulu wa masomo ya sanaa hukubalika.

Usajili

Kuhitimu pekee hakutoshi. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kabla ya kulipa ada ya chuo cha kati, mzazi ahakikishe kuwa chuo na kozi vimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi.

Elimu hufungua mlango, lakini mgonjwa huhitaji pia mtu mwenye subira, atunzaye siri na asiyemdhihaki. Familia nyingi huchelewa kumpeleka mgonjwa kituoni kwa kuogopa aibu. Wataalamu waliokulia katika vijiji hivi, wanaoijua lugha na mila za watu wao, wanaweza kuipunguza hofu hiyo.