Akiba ya Mafuta: Somo Kutoka kwa Hamira

Katika kamati za parokia huulizwa mara kwa mara swali hili: mtoto aliyedhoofu kwa njaa akifikishwa hospitali, kwa nini wauguzi hawampi papo hapo chakula kingi na kizito? Wafadhili nao huuliza, kwa nia njema kabisa, kama wanaweza kutuma makopo ya maziwa ya unga ili yagawiwe nyumba kwa nyumba. Ili kulijibu swali hili vizuri ni lazima kwanza tuelewe mwili hufanya nini chakula kinapokosekana. Na kiumbe kilichowafundisha wataalamu mengi juu ya jambo hilo kimo katika majiko ya Pemba yote. Kiumbe hicho ni hamira.

Mama anayeandaa mkate wa kumimina huroweka mchele, akausaga pamoja na tui la nazi, akatia sukari, iliki na hamira, kisha akaufunika mpaka uumuke. Kinachouumua ni viumbe hai. Kijiko kimoja cha hamira kina mabilioni ya seli, na kila seli ina upana wa kiasi cha sehemu 5 kwa 1,000 za milimita moja. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Ingawa ni ndogo hivyo, ndani yake imepangwa kwa namna inayofanana na seli zetu: ina kiini, ina mitokondria za kutoa nguvu, na ina mahali pa kuweka akiba. Kwa sababu hiyo watafiti huitumia kujifunza mambo ambayo hayawezi kujaribiwa kwa mtoto wa mtu.

Sukari inapoisha

Sukari ikiwa nyingi, hamira hula kwa haraka. Hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo inayouumua mkate, na alkoholi kidogo ambayo sehemu yake kubwa hupotea motoni. Lakini ikiachwa ndani ya chombo mpaka sukari ikaisha, haifi mara moja. Kwanza hugeukia ile alkoholi iliyoitoa yenyewe na kuifanya chakula. Hiyo nayo ikiisha, seli huacha kuzaana, huimarisha ukuta wake, hupunguza matumizi, na kuanza kuishi kwa akiba.

Akiba hiyo ni ya aina mbalimbali, lakini iliyo kubwa kwa nguvu ni mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori kama 9, wakati gramu moja ya sukari au ya protini hutoa kama 4. Tena mafuta hayashiki maji, kwa hiyo hukaa mahali padogo. Seli huyafunga katika vitone vidogo vidogo vyenye ngozi nyembamba, mithili ya mafuta yanayoelea juu ya mchuzi.

Kuyatumia si kazi nyepesi. Vimeng'enya maalumu huyakata mafuta na kutoa asidi za mafuta. Asidi hizo hupelekwa katika vyumba vidogo vinavyoitwa peroksisomu, na humo hukatwa kipande baada ya kipande, kisha vipande huingia mitokondria kutoa nguvu. Njaa ikizidi, seli huweza hata kukimeza kitone kizima ndani ya chumba chake cha kumeng'enyea. Utaratibu huu wa seli kujila sehemu zake yenyewe ulichunguzwa na Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuinyima hamira chakula na kuitazama kwa darubini. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Kazi hiyo imefungua macho ya madaktari dunia nzima.

Hapa pana jambo ambalo naomba tulishike vizuri. Asidi za mafuta zikiachiwa nyingi kwa mara moja huwa sumu kwa seli. Watafiti walitengeneza hamira isiyoweza kabisa kuweka vitone vya mafuta. Chakula kikiwepo iliishi, lakini ilipopewa asidi za mafuta kwa wingi ilidhurika, maana haikuwa na ghala la kuzifungia. Kwa hiyo ghala lina kazi mbili: kuweka, na kutoa kwa kipimo. Tumezoea kusema akiba haiozi. Kwa seli, akiba iliyomwagwa ovyo huua.

Na njaa inapokwisha? Hamira haikurupuki. Inapoanza tena kuzaana hutumia kwanza yale mafuta ya akiba kutengeneza utando wa seli changa. Ile inayokosa vimeng'enya vya kuyakata mafuta huchelewa kuchipua, hata kama chakula kimesharudi.

Mwili wa mtu

Mwili wetu hufuata njia inayokaribiana na hiyo. Majirani zetu wanapofunga Ramadhani, na sisi tunapofunga Kwaresima, saa za kwanza mwili hutumia sukari iliyohifadhiwa katika ini. Sukari hiyo hudumu kama siku moja hivi. Baada ya hapo mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni huanza kuyeyushwa kwa wingi, na ini hugeuza sehemu yake kuwa ketoni, chakula ambacho hata ubongo hukubali kukitumia. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi hivyo wiki kadhaa akipata maji. Mafuta yakikaribia kwisha, mwili hula misuli yake kwa kasi, pamoja na misuli ya moyo.

Mtoto mdogo hana wiki hizo. Ghala lake ni dogo, naye anahitaji nguvu nyingi kwa kila kilo ya mwili wake kwa kuwa anakua. Wazee wa Pemba wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1970, pale serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilipobana uagizaji wa chakula kutoka nje, mchele ukawa wa mgao na watu wengi wakategemea muhogo. Shida ya namna ile imepita, lakini muhogo mtupu bado ni chakula cha siku nyingi katika nyumba maskini, hasa upande wa Micheweni ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya mawe, na kusi linapovuma wavuvi wa vyombo vidogo hushindwa kutoka. Muhogo hujaza tumbo. Protini na mafuta yake ni kidogo mno.

Utapiamlo mkali huonekana kwa sura mbili. Katika nyongea mtoto hubaki ngozi na mifupa, ghala limekauka. Katika kwashakoo mtoto huvimba miguu, na uso wake huweza kuonekana umejaa, hata jirani akadhani amenenepa. Ini la mtoto huyu mara nyingi limejaa mafuta, lakini mafuta hayo hayamsaidii. Madaktari waliochunguza watoto wa namna hii waliona kwamba zile peroksisomu, vyumba vile vile tulivyoviona katika hamira, zimepungua. Ghala limejaa na mwenye ghala anakufa njaa. Mimi naona hili ndilo jambo gumu kuliko yote kulieleza kijijini, kwa sababu jicho linasema mtoto ameshiba.

Kwa nini kulisha taratibu

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, wafungwa wengi waliokombolewa walikufa baada ya kupewa chakula kingi. Mwili uliozoea kuishi kwa mafuta ukipewa wanga na sukari nyingi kwa ghafla, homoni ya insulini hupanda, na madini kama fosfati na potasiamu hukimbilia ndani ya seli na kuiacha damu ikiwa imepungukiwa. Moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana hospitali huanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kalori 75 katika mililita 100 na protini kidogo, yakitolewa kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mtoto akitulia na hamu ya kula ikirudi, huhamishiwa F-100 au chakula maalumu cha karanga. Maziwa ya kopo yanayogawiwa nyumbani hayawezi kufanya kazi hiyo, na yakichanganywa na maji machafu huleta kuhara.

Kwa mtoto ambaye bado hajadhoofika kiasi hicho, habari ni nyingine kabisa. Yeye tunaweza kumsaidia nyumbani: uji wake utiwe tui la nazi, karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta, na dagaa waliosagwa, ili ghala lijae kabla ya miezi ya upungufu.

Kamati inaweza kulipima ghala hilo bila mashine. Utepe wa kupimia mkono wa juu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Kati ya 11.5 na 12.5 mtoto anahitaji kufuatiliwa. Ukibonyeza miguu yote miwili na shimo likabaki, usitazame utepe tena, hata kama mkono umepita kipimo. Mtoto huyo, na yule wa chini ya 11.5, apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya au hospitali, iwe Chake Chake, Wete, Micheweni au Abdalla Mzee kule Mkoani.

Na kwa wafadhili wanaouliza watume nini badala ya makopo: matibabu ya mtoto aliyelazwa huweza kuchukua wiki kadhaa, na muda wote huo mama yuko wodini naye, ilhali ameacha watoto wengine nyumbani. Wapo akina mama wanaoomba kuondoka siku ya tatu, mtoto akiwa bado yuko kwenye F-75, kwa sababu nyumbani hakuna wa kupika. Nauli ya gari, chakula cha mama, na posho ya jirani anayebaki na wale wadogo: fedha za namna hiyo ndizo zinazomfanya mama akae wodini mpaka mtoto afike hatua ya pili.