VIBARUA WENGI, MIZANI MOJA
Jinsi ya kuzifanya programu za usanifu zitumie kori zote za tarakilishi

Ningependa leo tufundishane jambo ambalo wenzangu wa Uchoraji na Ubunifu na wale wa Masomo ya Tarakilishi huulizana kila siku: mbona mashine yenye kori nane inakokota kama yenye kori moja?

Swali hili si la mzaha. Huku kwetu Othaya na Tetu, bonasi ya chai ikitoka, mzazi mwenye mtoto anayekwenda kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huombwa anunue tarakilishi "yenye nguvu". Muuzaji naye humwambia: kori zikizidi, na kasi inazidi. Pesa zikishatoka mfukoni hazirudi. Afadhali tujue ukweli mapema.

KORI NI NINI?

Prosesa ndiyo bongo la tarakilishi. Zamani bongo hilo lilikuwa moja tu. Aliyetaka mawili alinunua mashine ghali ya kazi nzito, tena Windows yenyewe ilipaswa kujua kuyatumia. Windows 98 ilitumia prosesa moja hata ukiiwekea mbili, ilhali Windows NT 4.0 Workstation ya mwaka 1996 iliweza kutumia mbili. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa POWER4, prosesa yenye bongo mbili katika kipande kimoja cha silikoni. Mwaka 2005 Intel na AMD wakazileta bongo mbili kwenye tarakilishi za watu wa kawaida. Sababu kubwa ilikuwa joto: kuongeza kasi ya bongo moja kulikuwa kunaichemsha prosesa kupita kiasi, basi wakaona heri waongeze idadi. Hizo bongo ndizo tunazoziita kori, na siku hizi hata kipakatalishi cha bei nafuu huwa nazo kadhaa.

Kwa hivyo kori ni vibarua. Lakini kuwa na vibarua ni jambo moja, na kuwapa kazi inayogawanyika ni jambo jingine.

HESABU YA KAHAWA

Tuchukue mfano wa shamba dogo la kahawa. Kuchuma kunamchukua mtu mmoja saa 6. Baada ya hapo kahawa inapelekwa kiwandani na kungoja mizani, nako ni saa 2. Hizo saa 2 hazipungui hata ukileta kijiji kizima, kwani foleni ni moja, karani ni mmoja na mizani ni moja. Sasa tuhesabu:

Mtu 1: saa 6 + 2 = saa 8.
Watu 2: saa 3 + 2 = saa 5.
Watu 3: saa 2 + 2 = saa 4.
Watu 6: saa 1 + 2 = saa 3.
Watu 12: nusu saa + 2 = saa 2 na nusu.

Umeona? Watu 6 hawakuimaliza kazi mara 6 upesi zaidi. Hata mara 3 hawakufika. Na ukiongeza wengine 6 unaokoa nusu saa tu, ilhali wote 12 wanangoja ujira. Hata uwalete watu elfu moja, chini ya saa 2 hutafika. Mmarekani Gene Amdahl aliitoa hoja hii mwaka 1967 kuhusu tarakilishi, na wataalamu huiita sheria ya Amdahl. Sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ni wao hao waliosema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hizi mbili hazipingani. Kila moja ina kazi yake, nasi lazima tujue kazi iliyo mbele yetu ni ya vidole au ni ya nahodha.

KAZI IPI INAGAWANYIKA?

Katika programu za usanifu kuna kazi za aina mbili.

Ya kwanza ni kuchora kwenyewe. Unachora ukuta, unatoboa mlango kwenye ukuta huo, kisha unaandika vipimo vya mlango. Huwezi kuutoboa mlango kabla ukuta haujawapo. Kila hatua inaingojea iliyotangulia, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi katika AutoCAD hutegemea kori moja. Hii ni mizani.

Ya pili ni kuigeuza michoro kuwa picha inayofanana na nyumba halisi, yenye mwangaza na vivuli. Hapa tarakilishi huhesabu rangi ya kila nukta ya picha. Nukta ya kona hii haihitaji kungoja nukta ya kona ile. Kori moja inashika upande huu na nyingine upande ule, kama wachumaji walivyogawana mistari ya miti. Blender, programu isiyolipiwa, huifanya kazi hii kwa kori zote ikiruhusiwa.

TULIVYOPIMA KARATINA

Nina ami yangu anayechora ramani za nyumba mjini Karatina. Likizo iliyopita alikuwa amekata shauri. "Kijana, hii mashine imezeeka," akaniambia. "Bonasi ya shamba ikiingia nanunua ile ya kori kumi na sita."

"Ami, kwanza tuipime tujue inashindwa wapi," nikamwomba.

Akakubali. Tulifungua Task Manager tukaona mashine ina kori 4 na prosesa 8 za kimantiki, yaani kila kibarua amepewa vikapu viwili. Vikapu viwili humsaidia asisimame bure, lakini havimgeuzi kuwa watu wawili.

Ami akaanza kuchora katika AutoCAD. Mashine ilikuwa inakokota, lakini kipimo cha prosesa kilikuwa kinacheza kwenye 12 na 13 kwa mia. "Si unaona imelala?" akauliza. La hasha! Gawanya 100 kwa 8 upate 12.5. Kikapu kimoja kilikuwa kimejaa pomoni na saba zilikuwa tupu. Ukiona nambari kama hiyo unapongoja, jua programu inatumia njia moja tu.

Kwa Blender kipimo kilisimama karibu na 25. Tulipochungulia, tukakuta faili aliyopewa na fundi fulani ilikuwa imefungwa itumie nyuzi 2 tu. Tukaifungua, kipimo kikapanda karibu na 100. Picha iliyokuwa ikimla alasiri nzima ikawa tayari kabla ya chai ya saa kumi. Isitoshe, tuliona kumbukumbu ya mashine imejaa hadi juu, na hilo hakuna kori ya kulitibu. Ami akanunua kumbukumbu ya kuongeza, na pesa zilizobaki zikaenda kwa karo ya binamu yangu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Katika ukurasa wa CPU soma idadi ya kori na ya prosesa za kimantiki. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia uigawe, ili kila moja iwe na grafu yake.

2. Hakikisha Windows yenyewe haijafungwa. Fungua msconfig, ingia Boot, halafu Advanced options. Kisanduku cha idadi ya prosesa kisiwe na alama. Kikiwa na alama pamoja na nambari 1, basi vibarua wengine wamefungiwa nje ya lango. Ondoa alama, kisha uzime mashine na kuiwasha tena.

3. Katika AutoCAD andika WHIPTHREAD. Jibu likiwa 0, kori moja tu ndiyo inayoonyesha upya mchoro. Andika 3, ili kuhesabu upya na kuonyesha upya mchoro kugawanywe. Utaona nafuu unapokuza mchoro mkubwa, lakini usitarajie kuchora ukuta kuwe upesi zaidi.

4. Katika Blender, ingia kwenye sehemu ya Render, kisha Performance, kisha Threads. Chagua Auto-detect.

5. Pima kwa saa. Tumia mchoro uleule, kabla na baada. Usiseme "naona kama imeharakisha", andika dakika.

Kwa ufupi, anayechora mistari siku nzima atafute kori chache zenye mbio, pamoja na kumbukumbu ya kutosha. Anayetengeneza picha za nyumba kila siku, huyo kori nyingi zitamlipa. Na kabla ya yeyote kununua, apime alicho nacho.

ZOEZI

(a) Kazi ya saa 10 ina saa 9 zinazogawanyika na saa 1 isiyogawanyika. Vibarua 3 wataimaliza kwa saa ngapi? Je, vibarua 9?
(b) Mashine ina prosesa 4 za kimantiki, na kipimo kimesimama kwenye 25 kwa mia unapongoja. Hiyo ni dalili ya nini?
(c) Taja kazi moja ya nyumbani kwenu ambayo ni ya vidole, na moja ambayo ni ya nahodha.

Majibu leteni kwenye mkutano wa chama, tuyajadili. Kwaherini.