Elimu Kumfuata Mwanafunzi: Somo la Kiswahili katika Madarasa ya Malindi na Kilifi

Miongoni mwa masuala yanayowagawa wataalamu wa elimu ni hili: je, elimu ikatwe kwa kipimo cha mahitaji na mapendeleo ya kila mwanafunzi, au wote wapitishwe njia moja? Nchini Kenya suala hili limepata uzito mpya. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliwapeleka watoto wote kwenye mtihani mmoja wa darasa la nane, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuenezwa nchini kote mwaka 2019, unaahidi kulea kipawa cha kila mwanafunzi. Makala haya yanaitazama ahadi hiyo kupitia somo la Kiswahili katika ukanda wa Malindi na Kilifi, ambako watoto wanaoketi dawati moja aghalabu hawakuja na Kiswahili kimoja.

Watoto watatu, darasa moja

Chukua somo la ngeli ya A-WA. Mtoto wa kwanza amezaliwa Malindi mjini, katika nyumba ya Waswahili. Ngeli anaitumia tangu aanze kutamka. Asichokijua ni jina lake tu. Shida yake ni nyingine. Katika lahaja za Mombasa na za kaskazini yake, macho huitwa mato na mchele huitwa mtele. Kiswahili Sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja. Kwa hiyo mtoto huyu huandika neno la nyanya yake na kukuta alama nyekundu. Yamkini mwalimu aliyeitia alama hiyo alijifunza lugha hii vitabuni, mbali na bahari. Si kosa la mwalimu, maana mwongozo alionao haumwambii kwamba mato ni Kiswahili.

Mtoto wa pili ametoka Ganze, na lugha ya kwao ni Kigiriama. Wanaisimu wanakiweka Kiswahili na lugha za Mijikenda katika kundi moja, la Kisabaki, pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Mtoto huyu husema mutu na atu, mudzi na midzi, madzi. Mfumo wa ngeli umo kinywani mwake tayari. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba atu wa kwao ndio watu wa kitabuni, na kwamba pale anaposema dz, Kiswahili mara nyingi husema j. Mwalimu ajuaye hivyo humaliza kazi kwa vipindi vichache. Asiyejua humwanzisha sifuri, na kumfanya aamini kwamba lugha ya mama yake ni kikwazo ilhali ni ngazi.

Wa tatu ni mtoto wa mfanyakazi aliyehamia pwani kutoka Nyanza, na nyumbani kwao huzungumzwa Kijaluo. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, haina ngeli za Kibantu. Huyu ndiye hasa aliyelengwa na somo la ngeli kama lilivyo vitabuni, na ndiye anayehitaji muda mrefu zaidi wa mazoezi.

Wote watatu hupewa kipindi kimoja, zoezi moja na mtihani mmoja. Hapana shaka kwamba hapa usawa wa kutendewa sawa umezaa kutokuwa sawa.

Kasi na yaliyomo

Hata hivyo, wanaodai elimu imfuate mwanafunzi huchanganya mambo mawili ambayo pwani imeyatenganisha kwa karne nyingi. Katika chuo cha Kurani, kila mtoto ana mahali pake. Mmoja yuko kwenye alifu na bee, mwenzake yumo katika juzuu ya Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu. Na mwalimu humsikiliza mmoja mmoja. Asiyeshika somo la leo halazimishwi kuandamana na wenzake kesho. Lakini kitabu ni kile kile kwa wote. Hakuna anayeulizwa kama anapenda sura fupi kuliko ndefu. Kasi ni ya mwanafunzi, yaliyomo ni ya jamii. Mtu anaweza kuulaumu utaratibu huo kwa mengine, hasa kwa kukaririsha pasipo kufafanua, ila katika hili unaifundisha shule ya serikali jambo ambalo shule hiyo bado haijalitimiza.

Kubadilisha kasi ni jambo moja. Kubadilisha yaliyomo ni jingine, tena lina historia chungu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika iambatanishwe na mazingira yake: kilimo, usafi, kazi za mikono. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kuandaa walimu wa elimu hiyo. Kwa maneno, ni elimu inayomfuata mwanafunzi. Kwa vitendo, wazazi wengi Waafrika waliiona kuwa elimu ya kumweka mtoto pale alipo, nao wakadai masomo yale yale waliyopewa watoto wa Wazungu. Swali ambalo halikuulizwa ni nani aliyeyapima mahitaji ya mtoto.

Swali hilo halijafa. Tuseme mpanga mitaala anakwenda Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kutafuta mahitaji ya mtoto wa huko. Ataona wavuvi na mashamba ya chumvi, kisha aandike mtaala wa samaki na chumvi. Lakini pwani hiyo hiyo, kwenye jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini, Waitaliano walirusha setilaiti mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile iliyopewa jina la Uhuru. Mtoto wa mvuvi aliyetazama angani ana mazingira gani?

Mapendeleo nayo yana mtego wake. Vijana wengi wa Malindi na Watamu wamejifunza Kiitaliano kwa kuzungumza na watalii, bila darasa wala cheti. Na lugha hiyo haikuwamo katika mtihani wa kidato cha nne, uliokuwa na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Ni ushahidi mzuri kwamba anayependa hujifunza. Lakini safari za ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, aliyekuwa na Kiitaliano cha ufukweni pekee alibaki na lugha isiyo na wa kuzungumza naye. Haja ya leo si lazima iwe haja ya keshokutwa.

Mikondo mitatu

Mtaala wa Umilisi umejaribu kupita katikati. Katika shule ya upili ya juu, iliyopokea wanafunzi wa kwanza wa gredi ya kumi Januari 2026, kuna mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ni somo la lazima kwa kila mmoja, mkondo wowote aliomo. Juu ya hilo, anayependa anaweza kuchagua Fasihi ya Kiswahili kama somo la peke yake. Huu ni mpango wa busara: lugha ya kuwaunganisha wote, na fasihi kwa anayeitamani.

Ugumu umo katika utekelezaji. Si kila shule inatoa mikondo yote mitatu. Zilizo ndogo hutoa miwili, na shule zote zimetakiwa kutoa ule wa sayansi. Mapendeleo ya mwanafunzi basi huishia pale orodha ya walimu inapoishia. Msichana wa Ganze aliyekua akisikiliza nyimbo na vitendawili vya Kigiriama, na ambaye angefaa kuwa mwanafasihi, ataichagua Fasihi ya Kiswahili ikiwa shule iliyo karibu naye ina mwalimu wa kuifundisha. Isipokuwa naye, itambidi aende bweni mbali na nyumbani, na karo ya bweni ndiyo itakayomchagulia mkondo.