Kabla fundi hajachimba shimo la maji taka shambani, pima udongo kwanza

Najua mmezoea nikiwaandikia habari za mbegu na dawa, ila leo tuongee choo. Msicheke. Kuna kijana analima hoho na nyanya, kazi yake safi kabisa, ana nyumba ya familia, choo cha vibarua na banda la kufungashia. Mboga anaziosha kwa maji ya kisima chake mwenyewe. Mnunuzi akapima yale maji, akakuta vijidudu vya kinyesi, akasimamisha oda. Aliponiita tukapima kwa kamba: kutoka kisimani hadi shimo la choo ni mita 11, tena shimo liko juu ya mteremko na kisima kiko chini yake. Nikamuuliza kwa nini palichaguliwa pale. Akasema fundi aliona udongo wa pale ni laini, jembe linaingia vizuri.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani tenki ndilo linalosafisha maji. Tenki kazi yake ni kutuliza tu: uchafu mzito unazama unakuwa tope, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka. Yale maji bado yamejaa vijidudu. Anayeyasafisha ni udongo, pale yanaponywea taratibu. Kwa hiyo usianze na tenki, anza na udongo.

Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina kifike pale maji yatakaponywea. Kijaze maji jioni, uyaache yanywee usiku kucha ili udongo ushibe. Asubuhi tia tena maji ya kina cha sentimita 15, chomeka rula, shika saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 ndani ya saa moja au pungufu, udongo unafaa. Yakichukua zaidi ya hapo, kama inavyokuwa kwenye udongo wa mbuga, shimo litafurika masika ya kwanza tu, tafuta sehemu nyingine. Na yakishuka ndani ya dakika moja usifurahi! Yanapita haraka mno, hayasafishwi. Fanya vishimo vitatu sehemu tofauti, kimoja kinaweza kukudanganya.

Pia waulize majirani maji ya visima hupanda hadi wapi wakati wa masika. Chini ya shimo lako ibaki angalau mita 1.5 ya udongo mkavu kabla ya kufikia hayo maji. Kisima kikae umbali wa mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Kama shamba lako linapakana na mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakutaka ukae mita 60 kutoka ukingoni kwa ujenzi wa kudumu.

Sasa hesabu. Chukua shamba la mfano: watu 8 wanaoishi hapo, kila mmoja lita 100 kwa siku, ni lita 800. Vibarua 20 wa kutwa, kila mmoja lita 40, ni lita 800 nyingine. Jumla lita 1,600 kwa siku. Mimi hupenda maji yatulie siku mbili, maana siku za mavuno watu huongezeka, kwa hiyo lita 3,200. Ongeza nafasi ya tope. Kibarua wa kutwa namhesabu kama theluthi ya mkazi, hivyo tuna watu kama 15. Kila mmoja lita 40 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ni lita 1,800. Jumla lita 5,000, yaani mita 5 za ujazo. Tenki la urefu wa mita 2.8, upana 1.2 na kina cha maji 1.5 linatosha. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa.

Ligawe vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Bomba la kuingiza na la kutoa yote yawe na tii inayoshuka ndani ya maji, bila hiyo mafuta yanatoka na kuziba udongo. Weka bomba la hewa, na kila chumba kiwe na mfuniko wake. Ndani piga lipu nzuri isiyovuja. Fundi akikuambia sakafu ya tenki iachwe bila zege "ili maji yanywee", huyo anakujengea choo cha shimo kwa bei ya tenki.

Sehemu ya kunywea ndiyo inayopunjwa kuliko zote. Kwenye udongo wa tifutifu hesabu lita 25 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Sakafu usiihesabu, huziba mapema. Lita 1,600 zinahitaji mita za mraba 64. Shimo la duara la upana wa mita 2, lenye mita 2.5 za ukuta unaonyonya, linakupa kama 16 tu. Maana yake unahitaji mashimo manne, na wengi huchimba moja! Ndiyo maana mimi napendelea mitaro: upana sentimita 60, kokoto sentimita 75 chini ya bomba lenye matundu. Kila mita ya mtaro inakupa mita za mraba 1.5 za ukuta, kwa hiyo mitaro miwili ya mita 22 inatosha. Pia haiendi chini sana kuyafuata maji ya kisima. Juu yake panda nyasi, usipitishe trekta.

Maji ya mvua kutoka bati yasiingie humo. Maji ya kuoshea mboga yapitie mtaro wake mwenyewe. Na maji ya kuoshea bomba la dawa ni marufuku kabisa, yanaua bakteria wanaomeng'enya tope, kisha sumu inaelekea kisimani.

Kila mwaka zamisha mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe uone tope limefika wapi. Likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya, kwa hiyo acha njia ya kupita gari tangu siku ya kuchora ramani. Mtu asiingie ndani hata tenki likiwa tupu. Gesi ya humo inaua kwa dakika chache, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye. Lile tope msimwage kwenye bustani ya mboga kama samadi. Mayai ya minyoo hukaa hai udongoni kwa miezi mingi.